AFYA YAKO: Jicho Likikataa Kugeuka, Usingoje



Ugonjwa wa macho mekundu unajulikana sana vijijini. Jicho linawasha, linatoa machozi na tongotongo. Lakini mgonjwa anaona, na jicho lake linageuka huku na huku. Ugonjwa huo hutibiwa katika zahanati.

Mwezi huu tunaeleza ugonjwa mwingine. Hutokea mara chache, lakini unaweza kupofusha jicho, na hata kuua. Ugonjwa huu hauko juu ya jicho. Uko nyuma yake, ndani kabisa.

NYUMA YA JICHO KUNA NINI?

Jicho limekaa katika tundu la mfupa. Tundu hilo lina umbo kama la pembe ya ng'ombe. Mbele ni pana, nyuma ni jembamba. Katika ncha ya nyuma hupita mishipa ya fahamu inayounganisha jicho na ubongo. Mmoja ni wa kuona. Mitatu ni ya kugeuza jicho, na mmoja wa hiyo mitatu huinua kope pia. Mwingine hutuwezesha kuhisi tukiguswa kwenye paji la uso.

Mahali hapo ni padogo sana. Kitu kikivimba hapo, mishipa hiyo hubanwa yote pamoja.

DALILI ZAKE

1. Mgonjwa haoni vizuri kwa jicho hilo, au haoni kabisa.
2. Jicho halifuati kidole ukikipeleka kulia, kushoto, juu na chini. Huenda akaona vitu viwili viwili.
3. Kope imeanguka.
4. Paji la uso limekufa ganzi upande huo.
5. Mara nyingi jicho linauma au limetokeza nje.

UNALETWA NA NINI?

Sababu ni nyingi. Ya kwanza ni vijidudu. Kando ya tundu la jicho kuna vyumba vya hewa vinavyofunguka puani. Ukuta unaovitenga na jicho ni mfupa mwembamba kama karatasi. Usaha ukijaa humo, unaweza kupenya hadi kwenye jicho.

Sababu ya pili ni ukungu, wa jamii ile inayoota kwenye mkate na majani yaliyooza. Mtu mwenye afya huvuta vumbi lake asidhurike. Lakini mwenye kisukari kisichotibiwa yumo hatarini. Ukungu huingia puani, hula nyama na mifupa, ukafika kwenye jicho na ubongo. Ukiona kidonda cheusi puani au kwenye kaakaa, hiyo ni dalili ya hatari kubwa. Nchini India, mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, watu zaidi ya 40,000 walipata ugonjwa wa ukungu huu. Wengi wao walikuwa na kisukari. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Sababu nyingine ni saratani, kuumia kichwani kwa ajali, na uvimbe unaotokea bila vijidudu.

TIBA YAKE

Tiba hufuata sababu. Ndiyo maana daktari hupima damu, sukari, na kupiga picha ya ndani ya kichwa. Vijidudu huuawa kwa dawa za kuchoma kwenye mshipa, na usaha hutolewa. Ukungu una dawa yake ya sindano. Tena daktari hukata nyama iliyokufa na kushusha sukari. Mara nyingine hulazimika kuondoa jicho ili kuokoa maisha. Saratani hutibiwa kwa upasuaji, mionzi au dawa.

Ziko pia dawa za kutuliza uvimbe, zinazoitwa steroidi. Dawa hizi humsaidia mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna vijidudu. Lakini kwa mwenye ukungu huzidisha ugonjwa. Kwa hiyo usizinunue dukani kwa kubahatisha.

TUFANYE NINI?

Ukiona dalili hizi, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala dawa ya jirani. Dawa ya juu ya jicho haifiki kule nyuma. Hospitali ya wilaya ikishindwa, itampeleka hospitali ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC au Bugando.

Mwenye kisukari ameze au achome dawa zake kila siku kama alivyoelezwa, na apimwe sukari mara kwa mara. Mafua yenye usaha na maumivu ya uso yasiyopona yatibiwe mapema. Dalili ya mvua ni mawingu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Utatofautishaje macho mekundu na ugonjwa wa nyuma ya jicho?
2. Kwa nini mwenye kisukari yumo hatarini zaidi?
3. Mgonjwa akipata dalili hizi usiku, kijiji chetu kitamfikishaje hospitali?