Utetezi wa Kiraka

Mwaka uliopita mgeni mmoja, mtu wa elimu kubwa na rafiki yangu, aliingia nyumbani kwangu akauona mfarishi wa viraka niliokuwa nikiushona umetandazwa juu ya kiti kirefu. Aliutazama kitambo, kisha akaniuliza kwa kicheko kama mshahara wa mwalimu wa chuo kikuu umeshindwa kununua blanketi. Tulicheka sote wawili, tukanywa kahawa, tukaagana kwa wema. Lakini alipokwisha kwenda niliona kuwa swali lile halikuwa mzaha wa mtu mmoja. Lilikuwa hukumu ya kundi zima la wasomi, nami ni mmoja wao. Hukumu hiyo husema kwamba kiraka ni alama ya ufukara; kwamba kazi isiyofundishwa darasani si elimu; na kwamba kitu kilichoshonwa nyumbani ili kilaliwe hakistahili kutajwa penye majadiliano ya sanaa na lugha. Nakusudia kuipinga hukumu hii, na mwisho nitaeleza kwa nini mimi, kuliko wengi, sina haki ya kunyamaza.

Mfarishi ninaousema ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu: juu ni uso wa vipande vilivyoungwa, katikati ni pamba au nguo kuukuu, na chini ni bitana, kisha mshono hupita kotekote kuzishikamanisha tabaka hizo zisiachane. Auonaye kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni nguo iliyochakaa ikatiwa viraka. Hilo ni kosa la macho. Kiraka kinachobandikwa juu ya tundu huficha. Kipande kinachoungwa na kipande kingine hakifichi kitu. Cha kwanza huomba kisionekane, na cha pili hutaka kitazamwe. Kuvipa viwili hivi hukumu moja ni sawa na kusema kuwa aliyesuka mkeka wa rangi alikosa fedha ya zulia.

Ni kweli kwamba wengi walioshona mifarishi ya namna hii walikuwa maskini, wala sitaki kuupamba umaskini wao. Lakini umaskini haukushona. Kama ungekuwa na uwezo huo, kila fukara angekuwa fundi. Umaskini uliwapa matambara. Jicho la kuamua kuwa tambara jekundu likae kando ya tambara jeusi lilikuwa lao wenyewe.

Sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kupaswa kukidharau kipande. Husimuliwa katika historia ya kanga kwamba, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilipokuwa zingali katika jora, wakazikata tatu tatu, wakaziunga safu mbili, wakapata vazi moja la leso sita. Wafanyabiashara walipoona vazi hilo linapendwa wakaanza kuagiza nguo ya kiasi hicho iliyochapwa nzima. Vazi lenyewe likabaki na jina la leso, na Mombasa ndivyo liitwavyo mpaka leo. Basi nguo tunayoivaa katika harusi na matanga, tunayoisifu katika mihadhara kuwa ni fahari ya utamaduni wetu, ilizaliwa katika kuunga vipande. Hata uwanjani siku hizi mchezaji awezaye kucheza kila nafasi huitwa kiraka, na jina hilo ni sifa. Washabiki wa mpira wamekwisha kumaliza shauri ambalo sisi wasomi tungali tukilibishania.

Tena tuchunguze dharau hii humwangukia nani. Mafundi cherehani wa barazani katika miji yetu wengi ni wanaume, wala hapana amwonaye fundi huyo kuwa duni kwa sababu ameshika sindano. Tunamheshimu maana tunamlipa. Sindano ile ile ikiwa mikononi mwa bibi mzee, nyumbani, asiyelipwa na mtu, kazi yake huitwa kupoteza wakati. Kwa hiyo tunachokidharau si sindano wala si kiraka. Ni kazi isiyo ujira, na mtu asiye na sauti ya kuudai. Mwanachuoni akubaliye kipimo hicho amelifanya soko kuwa mwalimu wake.

Dharau hii haiko kwetu peke yetu. Iliwapata pia wanawake ambao historia yao imeungwa na yetu kwa uzi wa pamba. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Unguja nguo ngumu isiyopaushwa ambayo Kiswahili kingali kikiiita marekani. Viwanda vilivyoifuma vilikuwa kaskazini mwa nchi ile, lakini pamba yake ilichumwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini. Bibi zetu walivaa jasho la watu wasiowajua, na watu hao nao, usiku, walishona.

Mmoja wao alikuwa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886, akiwa mtu huru, alipeleka katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens, katika jimbo hilo, mfarishi wenye picha 11 za hadithi za Biblia, zilizokatwa katika nguo na kushonwa juu ya nguo. Mwalimu wa sanaa aliyeitwa Jennie Smith alitaka kuununua, akakataliwa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha Powers kuuza: alitaka dola 10, akapewa 5. Leo mfarishi huo ni mali ya jumba la makumbusho la taifa huko Washington. Lakini tusilisahau jambo moja jema la mnunuzi yule: alimsikiliza mshonaji akieleza maana ya kila picha, akaandika. Bila ya kalamu ile tungebaki na nguo bila ya maneno yake.

Katika jimbo la Alabama, ndani ya kombo la mto, kiko kijiji cha Gee's Bend, na wengi wa wakazi wake ni uzao wa watumwa wa shamba la pamba la mahali pale. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mjane wa kijiji hicho, alizikata nguo za kazi za marehemu mumewe akazifanya mfarishi, apate, kama binti yake alivyosimulia, kumkumbuka na kujifunika penzi lake. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho, na ule wa mjane ukiwamo, ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston na kisha New York. Na mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za mifarishi ya Gee's Bend. Nguo ya mjane haikubadilika hata uzi mmoja baina ya 1942 na 2002. Waliobadilika ni watazamaji.

Hata hivyo, sifa nayo yaweza kuwa dharau iliyovaa joho. Wako wachambuzi walioisifu mifarishi ile kwa sababu tu ilifanana na picha za wachoraji mashuhuri wa kisasa, kana kwamba mjane wa Alabama alihitaji idhini ya wachoraji hao. Wako pia waliotaka kuipa heshima kwa uzushi. Mwaka 1999 kilitoka Marekani kitabu kilichodai kuwa mifarishi ilikuwa na alama za siri za kuwaongoza watumwa waliotoroka. Hadithi hiyo ilipendwa sana, lakini wanahistoria walioichunguza hawakuona ushahidi wa wakati ule wa kuithibitisha. Mimi nauliza: kwa nini mfarishi uliomfunika mtoto asife kwa baridi ulazimike kuwa ramani pia ndipo tuuheshimu? Kazi hii haina haja ya uongo wa kuitetea.

Nageukia dai la pili, kwamba ajifunzaye mwenyewe hana elimu. Wanawake wa Siddi katika jimbo la Karnataka, India, ambao ni uzao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi katika karne zilizopita, hushona mfarishi uitwao kawandi. Huanza ukingoni mwa nguo, wakaenda wakizunguka mpaka katikati, na katika pembe hutia vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Hapana chuo kilichowapa kanuni hiyo, na bado ni kanuni.

Nami nilijifunza peke yangu, mezani, usiku, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Nilikata miraba 234, kila mmoja inchi nne na nusu kila upande, nikikusudia mshono ule robo inchi pande zote ili mraba ubaki inchi nne. Zingekuwa safu 18 za miraba 13, na upana wa inchi 52. Safu ya kwanza ilipungua inchi moja na nusu. Nilimlaumu muuza nguo, nikaulaumu mkasi, mwisho nikaketi na rula. Mshono wangu ulikuwa umezidi kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi. Lakini kosa hilo hula vipande viwili kwa mara moja, na safu ya miraba 13 ina mishono 12. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza. Nikafumua yote. Baadaye nikajua kuwa nguo iliyokatwa kufuata mtande hutulia, na iliyokatwa hanamu huvutika. Kuwa nguo mpya isiyofuliwa hupungua ifuliwapo, ikaikunjakunja nguo kuukuu iliyo kando yake. Kuwa nyekundu isiyojaribiwa kwa maji huchuja ikaharibu nyeupe. Kila jambo katika haya nilifundishwa na kosa. Kosa ni mwalimu mkali kuliko mtahini yeyote niliyepata kukaa mbele yake, na halipokei rushwa wala udhuru.

Mwanafunzi wa ushairi atayatambua haya. Mizani moja ikizidi katika mshororo sikio hujikwaa, na inchi ikizidi katika safu jicho hujikwaa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, sheria hizo zilikuwa zikifuatwa na malenga tangu zamani. Alichofanya ni kuziandika. Je, kabla ya mwaka huo malenga hawakuwa na elimu? La hasha. Elimu ilikuwapo, kalamu ndiyo iliyochelewa.

Atasema mtu kwamba shairi lina maneno na nguo haina, na kwamba jarida la lugha si mahali pa sindano. Namjibu kwamba kazi hii imejaa maneno: mtande na mshindio, bitana na upindo, hanamu, bandi, subana. Waulize vijana 20 wa darasa lolote la Kiswahili subana ni nini, uhesabu mikono itakayoinuka. Neno halifi kamusini. Hufia mkononi mwa mtu wa mwisho aliyelitumia, na kamusi huhifadhi kaburi lake. Ikiwa hili si shauri letu sisi walimu wa lugha, ni la nani?

Sasa nieleze deni langu. Nililelewa Tanga na bibi yangu, mzaa mama. Nilipokuwa na umri wa miaka 14 nilipata nafasi katika shule ya bweni huko milima ya Usambara, na kwa kuwa alisikia kuwa kule kuna baridi, alinishonea mfarishi kwa kanga zake kuukuu. Nilipofika niliona wenzangu wana blanketi za dukani. Niliukunja mfarishi nikauficha chini ya sanduku, nikalala nikitetemeka. Muhula ulipokwisha nilimpa mpishi wa shule, akaukata vipande vya kushikia masufuria ya moto. Niliporudi nyumbani bibi aliniuliza mfarishi uko wapi. Nikamwambia umeibwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi, mume wangu, aliyeuiba alikuwa na baridi." Akataka kushona mwingine, akaniomba nikae karibu nimshikie vipande. Nikasema nina vitabu vya kusoma.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika nyumba ile mjukuu alikuwa mimi. Bibi amekufa na sheria zake zote za kuunga, ambazo nilikuwa na miaka mingi ya kuziuliza. Watu husema kwa kusifu kuwa nimejifunza mwenyewe. Si sifa. Nimejifunza mwenyewe kwa sababu nilimkataa mwalimu, na inchi moja na nusu niliyoipoteza angeniepusha nayo kwa neno moja.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi, ambao wengi wenu mnaye bibi, shangazi au mama aliye hai na sindano yake, nawasihi: mrudipo likizo kaeni chini, shikeni vipande, ulizeni, andikeni kila neno kama litamkwavyo, na jina la mtu aliyelitamka. Leteni maandishi hayo chuoni, tuyafanye somo bila ya kuomba radhi kwa mtu.

Na rafiki yangu akija tena ataukuta mfarishi umekwisha. Nitamjibu swali lake, maana siku ile nilicheka tu. Blanketi ningeweza kulinunua. Nisichoweza kukinunua ni kile nilichompa mpishi.