Adhabu Iliyopungua Njiani

Kesi kubwa ya mpira wa Italia, ambayo Waitalia wenyewe waliipa jina la Calciopoli, ilianza kwa simu. Mwezi Mei mwaka 2006 magazeti ya nchi hiyo yalichapa mazungumzo yaliyonaswa kwa amri ya waendesha mashitaka, na ndani yake alisikika Luciano Moggi, meneja mkuu wa klabu ya Juventus ya Turin, akiongea na Pierluigi Pairetto, mmoja wa mabwana wawili waliokuwa wamekabidhiwa kazi ya kuwapanga waamuzi wa ligi kuu. Aliongea naye kwa sauti ya tajiri anayemwagiza karani wake.

Huku Visiwani, ambako Juventus na Milan zina mashabiki wao waaminifu, kesi hiyo hukumbukwa zaidi kwa majina ya wachezaji waliohama. Sisi tunaiona ina jambo jingine zito zaidi, nalo ni namna adhabu ilivyotolewa, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mpaka mwananchi wa kawaida akashindwa kujua kosa lenyewe lilikuwa na uzito gani.

Kwanza yafaa lieleweke kosa lililodaiwa. Wengi hudhani kuwa kandanda huharibiwa na mlinda mlango anayepokea bahasha usiku wa kuamkia mchezo. Jopo la nidhamu la mwaka 2006 halikuonyesha mchezo hata mmoja wa Juventus ambao matokeo yake yalinunuliwa kwa namna hiyo. Lilisema kwamba faida katika msimamo wa ligi yaweza kupatikana kwa kuwaweka waamuzi chini ya kivuli cha mtu mmoja, bila ya kuugusa mchezo huu au ule. Wapo wanasheria walioibeza hoja hiyo. Sisi hatuibezi. Mwamuzi anayejua kwamba kazi yake ya Jumapili ijayo imo mikononi mwa rafiki wa klabu fulani hahitaji kupewa hata senti moja. Woga wake unatosha. Ni vigumu kuuthibitisha woga huo mahakamani, na ndiyo maana ulinzi wa haki ya mchezo hauna budi kuanzia katika chumba kile ambamo majina ya waamuzi hupangwa, kabla ya filimbi ya kwanza kulia.

Mwanzo wa hatua za nidhamu ulitia moyo. Rais wa Shirikisho la Mpira, Franco Carraro, alijiuzulu tarehe 8 Mei, na muda mfupi baadaye shirikisho likawekwa chini ya kamishna, mwanasheria Guido Rossi. Yeye alimwita Francesco Saverio Borrelli, aliyekuwa mkuu wa waendesha mashitaka wa Milano katika kesi maarufu za rushwa ya wanasiasa za miaka ya 1990, asimamie uchunguzi. Jopo likakaa katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma. Wakati huo huo timu ya taifa ilikuwa Ujerumani ikiwania Kombe la Dunia, na wanasiasa, akiwamo Waziri wa Sheria Clemente Mastella, wakaanza kutamka neno msamaha. Tarehe 9 Julai Italia ikatwaa kombe mjini Berlin, na wachezaji watano wa Juventus waliuvaa uzi wa taifa siku hiyo. Nchi nzima ilikuwa mitaani. Hata hivyo siku tano baadaye hukumu ilisomwa, na wala haikuwa ya msamaha. Kwa hilo majaji wale wanastahili heshima.

Juventus iliteremshwa daraja na kuanza Serie B ikiwa imenyang'anywa pointi 30. Fiorentina iliteremshwa na kukatwa pointi 12, Lazio ikateremshwa na kukatwa 7. Milan ilibaki ligi kuu na kukatwa 15.

Ikaja rufaa. Tarehe 25 Julai, siku 11 tu baadaye, Fiorentina na Lazio zilirudishwa ligi kuu, ya kwanza ikikatwa pointi 19 na ya pili 11. Milan ikabakiwa na adhabu ya pointi 8, na mlango wa mashindano ya mabingwa wa Ulaya ukaachwa wazi kwake. Adhabu ya Juventus ilishuka hadi pointi 17. Mwezi Agosti klabu hiyo ilitaka kwenda mahakama ya kiserikali, jambo ambalo FIFA haipendi kulisikia, kisha ikarudi nyuma. Mwezi Oktoba wasuluhishi wa Kamati ya Olimpiki ya Italia wakazishusha pointi 17 zikawa 9. Lazio nayo ikashushiwa hadi 3 na Fiorentina hadi 15. Hatusemi kwamba palikuwa na biashara. Tunasema kwamba mtu anayetazama kutoka nje, akiona 30, 17 na 9 katika muda wa miezi mitatu na nusu, hawezi kulaumiwa akidhani yuko sokoni. Rufaa ni haki ya kila mshitakiwa, na mahakama ya juu ina wajibu wa kusahihisha makosa ya ile ya chini. Lakini kama ushahidi ni ule ule na makosa ni yale yale, basi mahakama inayopunguza yapasa ieleze kwa lugha nyepesi ni kipi kilichokosewa hapo awali.

Na tazama waliokuwa juu. Carraro, ambaye shirikisho lilikuwa mikononi mwake, alihukumiwa kwanza kukaa nje ya mpira kwa miaka minne na miezi sita. Baada ya rufaa alilipa faini ya euro 80,000. Kama kuna tarakimu moja katika kesi nzima ambayo maofisa wetu wa michezo wangeikariri, ni hiyo. Klabu iliyoteremka iliwapoteza Cannavaro, Ibrahimovic, Vieira, Zambrotta, Thuram na Emerson katika majira mamoja ya joto, na wauza tiketi na wafagiaji wa uwanja, ambao hawakumpigia simu mwamuzi yeyote, wakaangukiwa na hasara hiyo. Milan, iliyoadhibiwa, ilitwaa ubingwa wa Ulaya mjini Athens mwezi Mei 2007.

Kisha ni suala la nani aliyechunguzwa. Ubingwa wa mwaka 2006 ulitolewa kwa Inter, iliyokuwa nyuma ya Juventus na Milan. Mwaka 2010, katika kesi ya jinai mjini Naples, mawakili wa Moggi walifukua mazungumzo mengine ya simu, yakiwamo ya aliyekuwa rais wa Inter, Giacinto Facchetti, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Mwezi Julai 2011 mwendesha mashitaka wa shirikisho, Stefano Palazzi, aliandika kwamba kwa maoni yake mwenendo huo ulivunja kanuni, ila muda wa kushitaki umekwisha. Inter ilikanusha, na hapana jopo la nidhamu lililopata kuisikiliza hoja hiyo. Baraza la shirikisho likatamka kuwa halina mamlaka ya kuuvua ubingwa. Anayesema Inter ilikosa hana hukumu mkononi, na anayesema haikukosa hana pia.

Waitalia hawakuwa wageni wa mambo haya. Mwaka 1980, katika kashfa ya kamari, polisi waliingia viwanjani na kuwakamata wachezaji. Milan na Lazio ziliteremshwa, na Paolo Rossi akafungiwa miaka miwili. Mahakama ya jinai, hata hivyo, iliwaachia washitakiwa, kwa kuwa sheria ya nchi haikulijua kosa la udanganyifu katika michezo. Bunge lilichukua muda hadi mwaka 1989 kuitunga sheria hiyo.

Safari hii, basi, sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni mwendo. Mwezi Novemba 2011 mahakama ya Naples ilimhukumu Moggi kifungo cha miaka mitano na miezi minne. Desemba 2013 rufaa ikakipunguza kuwa miaka miwili na miezi minne. Machi 2015 Mahakama ya Juu kabisa ikaamua kwamba muda wa kisheria wa mashitaka umepita. Haikusema kwamba hakutenda, na hakuingia gerezani hata siku moja. Mlango wa mpira ulikuwa umekwisha kufungwa kwake maisha tangu mwaka 2011, na shirikisho lenyewe ndilo lililoufunga.

Jopo la michezo lilikwenda mbio kwa sababu UEFA ilikuwa ikingoja majina ya timu. Mahakama ya nchi ilikwenda polepole kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeingojea. Juventus ilidai fidia ya euro milioni 443 kutoka kwa shirikisho, na mwaka 2016 mahakama ya utawala ya Lazio ikayakataa madai hayo. Ubingwa wa msimu wa 2004-05, ambao klabu hiyo ilinyang'anywa, hakupewa mtu yeyote. Katika orodha ya mabingwa wa Italia nafasi ya mwaka huo iko tupu.