KIPANDE KIMERUDI, SASA KIMO NDANI YA SIMU



Matarishi wa baiskeli wa mji huu, wale ambao siku hizi huitwa maraida, hawana nyapara. Kazi wanapewa na simu. Simu inasema: chukua chakula hapa, peleka kule. Na wakati wote inawaangalia. Inapokea alama za satelaiti ikajua uko barabara gani. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachojua baiskeli inakwenda, inatikisika au imesimama. Saa uliyofika, dakika ulizopumzika kivulini, kazi uliyoikataa, yote yanaandikwa. Daftari iko kwa nani? Iko kwa kampuni. Ukipunjwa na kwenda kuuliza, jibu ni moja: mashine imesema.

Wako watakaotuambia kwamba programu za kupima safari ya baiskeli ni kitu kizuri. Ni kweli. Nenda msitu wa Karura siku ya Jumapili ukaone mabwana na mabibi juu ya baiskeli zenye bei ya shamba. Simu na saa zao zinahesabu kilomita, mwendo, vilima, hata mapigo ya moyo. Bwana akitaka kuanza anabonyeza. Akichoka anabonyeza tena, mashine inanyamaza. Jioni anakunywa chai akisoma hesabu yake mwenyewe. Chombo chake na cha tarishi ni kile kile. Mbona mmoja anakitumia, na mwingine anatumiwa nacho?

Wazee wetu walikijua kitu hiki. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitiwa alama za vidole, akavikwa kipande shingoni ndani ya kibati. Tajiri ndiye aliyeandika siku ya kuingia kazini, mshahara na siku ya kutoka. Asipotia sahihi, wewe ni mtoro. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Na kipande kile angalau ungeweza kumpa mtoto wa shule akusomee. Hiki cha leo hata aliyesoma Chuo Kikuu hakioni.

Tuseme habari ya kilomita, maana ndiyo chakula chetu. Ukinyoosha uzi juu ya ramani kutoka Westlands hadi Kileleshwa, ni karibu tu. Lakini tarishi hapandi uzi. Anateremka bonde la Riverside na kupanda upande wa pili na mzigo mgongoni. Je, kampuni inalipa uzi au inalipa barabara? Tena katikati ya majumba marefu alama za satelaiti hugonga kuta, na simu hukosea mahali ulipo. Makosa hayo yanaandikwa kwa faida ya nani?

Italia wafanyakazi waliuliza maswali kama haya. Tarehe 31 Desemba 2020 mahakama ya Bologna iliamua kwamba mashine ya Deliveroo ya kupanga matarishi iliwabagua, kwa sababu ilimshusha aliyekosa zamu bila kujali kama alikuwa mgonjwa au amegoma. Kampuni iliamriwa kuvilipa vyama vya wafanyakazi vilivyoshtaki euro 50,000. Mwaka 2024 mamlaka ya kulinda data ya huko iliitoza Foodinho, ya kundi la Glovo, euro milioni 5. Miongoni mwa makosa yake ni kufuata mahali walipo matarishi hata wasipokuwa kazini!

Nasi sheria tunayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kuona habari zake na kudai zisahihishwe. Kanuni za 2021 zinaipa kampuni siku 7 kukuonyesha, bila malipo. Kifungu cha 35 kinakuruhusu kudai shauri lililokatwa na mashine peke yake litazamwe upya. Kampuni hupenda kusema: ninyi si wafanyakazi wetu, ni washirika. Haidhuru! Sheria hii inasema mtu, haikusema mwajiriwa.

Tunadai basi kila tarishi apewe nakala ya safari zake kila juma, njia na kilomita pamoja, na asifungiwe kazi kabla ya mtu mwenye jina kumsikiliza.

Barua ya kudai habari zako iko tayari kwa katibu wa tawi. Kazi yako ni sahihi. Na tangu sasa pima mwenyewe. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2, basi kilomita moja ni kama mizunguko 450. Kipimo kidogo chenye sumaku ya kufunga kwenye spoki kinahesabu hayo bila satelaiti na bila kumwambia mtu. Tia alama ya chaki kwenye tairi, sukuma mzunguko mmoja, pima chini, ndipo uweke namba hiyo katika kipimo. Asiye na futi aje ofisini Jumamosi saa nane, iko.