Windows 12 lini?

Wadau, hapa Njukini kila anayeniletea laptopu ananiuliza Windows 12 itatoka lini. Haya, tubahatishe. Kutoka XP (Oktoba 2001) hadi Vista (Januari 2007) tulingoja miaka mitano na ushei. Windows 10 ilitoka Julai 2015, 11 ikafuata Oktoba 2021. Kwa mwendo huo mimi nasema mwisho wa 2027, si kabla.

Ila tarehe hainikoseshi usingizi. Windows 11 ilizikataa mashine zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na laptopu zetu nyingi ni mitumba. Oktoba 14, 2025 Microsoft ikakomesha msaada wa Windows 10. Sasa hiyo 12 itadai nini tena? Yangu kuukuu nimeitia Ubuntu. Matoleo yake hutoka Aprili na Oktoba, wala haijaniuliza habari za chipu.