Bidoni na moyo: muzigo wa kadiri ndio dawa



Katika vikundi vyetu tunasikia mara nyingi neno hili: «Mimi ninapanda kilima na bidoni kila siku, mazoezi ni ya nini tena?» Juma hili tulijibu, kwa sababu mama anaweza kubeba sana na kuwa na tansio bila kujua.

Mutu akijikata, kidonda kinavimba na kuwa na moto. Ni mwili unajitengeneza, kiisha siku chache unapoa. Lakini kuna moto mwingine, mudogo, usiozimika, ndani ya mishipa ya damu. Mafuta mengi ya tumbo, tumbako na sukari nyingi katika damu vinauchochea. Unaharibu mishipa polepole, na moyo unachoka.

Misuli ikikazwa kwa kadiri, inatoa katika damu vitu vinavyosaidia kutuliza moto ule. Muzigo unaopita nguvu unaumiza misuli, nayo inauma siku mbili ao tatu. Ukiongeza mwingine kesho yake, mwili haupati nafasi ya kupona. Tena, anayeinua kizito huku amebana pumzi, tansio yake inapanda sana palepale. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20: ni kazi, si dawa ya moyo.

OMS inashauri watu wakubwa wafanye mazoezi ya nguvu siku 2 ao zaidi kwa juma, pamoja na kutembea kwa haraka dakika 150. Nyumbani tufanye hivi:

– Kuketi juu ya kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 10.
– Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10.
– Kuinua chupa mbili za lita moja na nusu zenye kujaa maji, mara 10.

Tupumzike, turudilie mara moja. Tutoe pumzi wakati wa kuinua. Ukimaliza, usikie kwamba ungeweza kuongeza mara mbili ao tatu. Tuache siku moja katikati.

Mwenye tansio asiache dawa zake. Akipimwa 180 juu ya 110 ao zaidi, aende kwanza kituo cha afya. Kifua kikiuma ao kizunguzungu kikija, aache mara moja na atafute muganga.

Katika mukutano ujao, kila kikundi kiombe muuguzi aje na mashini ya tansio, tupimwe wote. Na bidoni? Tugawanye safari zake. Baba na vijana wanaume wana mabega pia.