Mapumziko Ni ya Mwalimu

Mwalimu wa mpira na wasaidizi wake hupimwa katika zile dakika 15 za mapumziko. Kipindi cha kwanza huchezwa kwa mpango uliotoka mazoezini. Cha pili hudhihirisha nani ameusoma mchezo wa mwenzake na kuurekebisha wake.

Mjini Cairo, tarehe 27 Juni, 2019, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars ilikwenda mapumzikoni ikiongoza Kenya kwa mabao 2 kwa 1. Iliporejea haikufunga tena. Johanna Omolo alisawazisha, Michael Olunga akaongeza, tukafungwa 3 kwa 2. Wapo waliolaumu bahati. Sisi tunaona mechi ile iliamuliwa chumbani.

Twayasema haya kwa kuwa mwaka 2024 Pamba ilirejea Ligi Kuu baada ya kukosekana zaidi ya miaka 20, na ndugu zetu wa Ukerewe huvuka ziwa kuja Kirumba kuitazama. Katika viwanja vingi vya kanda hii mlango wa chumba cha wachezaji humfungukia kila mwenye cheo. Huyu aahidi fedha, yule afoka, na mwalimu, mwenye neno juu ya beki wa kushoto anayepitwa, angoja zamu yake hadi filimbi inalia.

Tunawaomba waheshimiwa wabaki jukwaani. Na sehemu ya fedha hizo za ahadi imlipe msaidizi mmoja akae juu na daftari, aandike mapengo anayoyaona, ayafikishe chini kabla ya mapumziko.