Tahariri: Kisima Hiki ni cha Nani?



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chatusimulia habari za Isaka katika bonde la Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa nchi ile wakakigombania. Wakachimba cha pili, nacho kikagombaniwa. Cha tatu ndicho walichokunywa kwa amani. Sisi wa Shinyanga hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Ufikapo mwezi wa tisa na malambo yamebaki matope, mfugaji, mkulima, mchimbaji wa dhahabu na mama mwenye ndoo hukutana mahali pamoja, na mara nyingi aliye dhaifu ndiye anayerudi mikono mitupu.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Siku hizi tabia ya nchi inabadilika: mvua huchelewa, halafu hunyesha kwa kishindo siku chache na kuyajaza malambo udongo. Hayo hatuwezi kuyaamuru. Lakini hatukubali kwamba kila kiu ni shauri la Mungu. Mvua yatoka kwa Mungu; mgawo wa maji ni kazi ya binadamu, na hapo ndipo haki au dhuluma huingia.

Wazee wetu walilijua hilo. Ngitili ilifungwa mvua zilipoanza na kufunguliwa kiangazi, na aliyevunja utaratibu alijibu mbele ya dagashida. Nchi ilipoelekea kuwa jangwa, mpango wa HASHI ulioanzishwa mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudia uoto wake. Kilichoiponya ardhi si miche peke yake, bali ni watu kukaa pamoja, kukubaliana na kuyashika makubaliano.

Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yatekwayo Ihelele hufika Kahama na Shinyanga kwa bomba. Tunashukuru, hata hivyo, bomba halituondolei wajibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza mahitaji ya binadamu ya nyumbani mbele ya matumizi mengine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Na sheria ya mwaka 2019 imevikabidhi vyombo vya watumia maji usimamizi wa miradi ya vijijini. Sheria ni nzuri. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kuomba asomewe mapato na matumizi ya chombo cha kijiji chake?

Machimboni nako yapo ya kutafakari. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka, na tope likafunika makazi na mashamba ya majirani. Zebaki ya mchimbaji mdogo nayo, ikioshwa kandokando ya mto, humfikia anayeteka chini. Dhahabu inalisha familia nyingi, nasi hatuwalaani wachimbaji. Twasema tu kwamba mwosha dhahabu na mnywa maji ni majirani.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa walei mambo matatu. Kwanza, mhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji na kudai taarifa za maji kwa adabu, bila woga. Pili, akina mama, ambao miguu yao inaujua umbali wa kisima, wawe na sauti katika kamati, wala wasiwekwe kujaza idadi. Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue wajane na wazee wasioweza kulipia ndoo, na iwasemee.

Nasi tuliomo ndani ya Kanisa tujihoji pia: kisima kilichomo ndani ya uzio wa parokia au kigango chetu hufungwa kufuli saa ngapi, na dhidi ya nani?

Kisima cha tatu Isaka alikiita Rehobothi, yaani nafasi. Tumwombe Mungu atujalie mvua. Lakini nafasi ya kila mmoja kisimani, tuiandae sisi wenyewe.

Amani ya Kristo iwe nanyi.